Foleni ya kahawa, ghorofa ya nne

Kampuni yetu ya programu ilikuwa na watu 3 tulipopanga chumba Bishop Magua, Ngong Road, Nairobi, jengo ambamo iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifunguliwa mwaka 2010. Wateja hatukuwapata pale. Tulipata foleni ya kahawa. Siku moja nikilalamika humo kwamba programu yetu inahesabu malipo ya M-Pesa mara mbili, jamaa wa chumba jirani, naye ana vijana wake 4, akacheka: "Hiyo ilinitesa mwezi mzima!" Akaja na kompyuta yake, tukakesha. Mfumo wa ankara tunaouza pamoja ulizaliwa usiku ule.

Kisha kodi ya chumba ikatuhamishia Ruiru. Sasa tunaonana kwa simu, kwa miadi, na nani ataweka miadi ya kulalamika? Alhamisi napanda matatu kwenda kwake, kisingizio kahawa.