Mishale Iliyofuata Ubao

Majira ya baridi ya mwaka 2011, nikisoma Ujerumani, nilikabidhiwa roboti ndogo yenye kamera iliyotazama juu. Juu ya lenzi, ndani ya bomba la plastiki angavu, kilining'inia kioo mbinuko kisichozidi kikombe cha kahawa. Kupitia kioo hicho kamera iliona chumba chote, nyuzi 360, kikiwa kimekunjwa katika duara moja. Miimo ya mlango ilitawanyika kutoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli, na kingo za meza zilipinda kama upinde. Niliipenda picha ile tangu siku ya kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kalibresheni: kujua kila pikseli inaangalia upande gani. Kioo chetu kilichongwa kwa umbo la hiperbola, mkunjo wa kihesabu wenye fokasi mbili, yaani nukta mbili maalumu, na lenzi ilipaswa kukaa kwenye fokasi ya pili barabara, ndipo mwelekeo wa kila pikseli ukokotolewe moja kwa moja. Skrubu ikilegea kidogo tu, hesabu hiyo safi haifai tena. Ndiyo maana tulitumia njia ambayo mtafiti wa roboti Davide Scaramuzza na wenzake waliichapisha mwaka 2006. Haikuulizi kioo kina umbo gani. Unaipa picha za ubao wa miraba kama wa drafti, yenyewe inatafuta polinomia, yaani fomula ya kihesabu, inayolingana nazo.

Nilichapa miraba kwenye karatasi, nikaibandika kwa gundi juu ya plaiwudi, nikauhamisha ubao huo kuizunguka roboti pande zote. Ubao lazima uwe karibu sana, maana ukisogea hatua mbili tu miraba inakuwa kama punje za mchele. Kisha nikabofya pembe za miraba moja baada ya nyingine hadi usiku.

Kosa la wastani, yaani umbali kati ya pembe niliyobofya na pale hesabu iliposema ipo, likatoka karibu pikseli 3. Nilitaka chini ya 1.

Nikakilaumu kioo. Nikafungua skrubu, nikakisogeza, nikapiga picha upya, kwa sababu kioo kikiguswa tu picha za zamani hazina kazi. Siku tatu zikaenda hivyo.

Siku ya nne nikachora makosa kama mishale midogo juu ya picha. Kama kioo ndicho kibovu, mishale mirefu ingebaki sehemu ileile ya duara. Haikubaki. Popote ubao ulipokwenda, mishale ilikwenda nao, na mirefu zaidi ilikuwa daima kwenye pembe za katikati ya ubao. Nikalaza rula ya chuma juu ya plaiwudi. Ikayumba. Kila usiku nilikuwa nimeuegemeza ubao ule kwenye hita ya ukutani, nao ukabinuka.

Karatasi mpya niliibandika kwenye bamba nene la alumini. Picha 12, kosa 0.4.

Jioni ile nikachukua kipande cha duara chenye dirisha, nikaiamuru programu ikinyooshe. Nikaweka rula ileile kwenye skrini, kwenye ukingo wa dirisha. Ukanyooka nayo juu hadi chini, na nyuma yake theluji ilikuwa ikianguka.