Stesheni ya kijijini kwetu

Jana nilipita stesheni yetu, ile ndogo kati ya Makambako na Mbeya, nikasimama karibu nusu saa. Imefungwa miaka sasa. Dirisha la tiketi limepigwa mbao, nyasi zimefika kiunoni, lakini pale chini ya dirisha sakafu bado imelika kidogo, mahali watu walipokuwa wakisimama foleni. Mama yangu alisimama hapo na ndoo ya viazi vya kuchemsha, mimi nikiwa mgongoni.

Vijana wengi hapa hawajui reli hii ya TAZARA ilitoka wapi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia huko, ikakosa njia salama ya kuipitishia. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia wakaomba msaada, nchi za Magharibi zikakataa, China ikakubali kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote ni Mlimba hadi Makambako, milima mitupu, mahandaki na madaraja.

Baba mdogo alibeba kokoto kwenye ujenzi ule. Mpaka anazeeka, treni ikipiga honi usiku alikuwa anaamka na kukaa kitandani mpaka behewa la mwisho lipite.

Jana treni ya mizigo ilipita. Haikupunguza mwendo. Nilipunga mkono hivyo hivyo.