Pinguikula zangu na visubi vya London

Ukiotesha mchicha na rehani ndani ya fleti, visubi vya udongo vitakuja tu. Haviumi watu wala haviwaletei ugonjwa, lakini vinaogelea kwenye chai, vinatembea kwenye kioo cha simu, na mgeni akiviona anadhani hujui kufagia. Karatasi za manjano zenye gundi zinavinasa vizuri, ila sikutaka sebule yenye karatasi zinazoning'inia na mizoga. Ndipo nikaanza kuulizia pinguikula, mmea mdogo ambao majani yake yametandazwa chini kwa duara na yamepakwa ulimbo unaotengenezwa na mmea wenyewe.

Ulimbo huo ni kazi ya tezi. Kuna zenye vikonyo vifupi, kila moja imebeba tone la ute kichwani, na nyingine zimelala bapa juu ya jani, hizi ndizo zinazomwaga vimeng'enya mdudu akishanaswa. Baada ya siku chache linabaki ganda jeusi tu. Mmea unalazimika kuishi hivyo kwa sababu udongo wa kwao ni maskini wa naitrojeni na mizizi yake ni mifupi, haifiki mbali.

Kwao ni wapi? Spishi ziko Ulaya, Asia na Amerika, lakini karibu nusu ya zote ni za Mexico. Inayopatikana kirahisi kuliko zote, Pinguicula moranensis, ilikusanywa katika safari ya wanasayansi Humboldt na Bonpland mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye milima ya Hidalgo, na mtaalamu wa mimea Kunth akaiandika rasmi mwaka 1817. Nyingi za huko hujishikiza kwenye majabali ya chokaa na jasi, juu milimani, usiku kuna baridi. Mvua hunyesha miezi ya joto, kisha kunakauka miezi mingi. Nilipolielewa hilo, ile terariamu ya picha za matangazo, chupa iliyofungwa huku vioo vinatiririka jasho, niliiacha kabisa. Mmea wa jabali lenye upepo ukiufungia humo, ukungu wa kijivu unaanzia katikati ya majani na kesho yake ni uozo.

Nilinunua tangi la samaki la mtumba. Juu nimeweka kioo kinachofunika sehemu tu, na pembeni kuna feni ndogo ya kompyuta inayosukuma hewa polepole. Kazi ya vioo kwangu ni kuzuia hewa kavu ya hita, kushikilia unyevu wa kiasi (kati ya asilimia 50 na 70 unatosha) na, tuseme ukweli, kuzuia vidole vya watoto wa shemeji yangu, ambao wangependa kuulisha kila kitu hadi chipsi.

Udongo wa dukani wenye mbolea haufai hata kidogo. Mimi nachanganya pelaiti na vamikulaiti (punje nyepesi za madini yaliyochomwa) na mchanga wa kwazi uliooshwa, mafungu sawasawa, pamoja na piti kidogo, yaani mboji ya kinamasi, ya kushika maji. Vyungu ni vifupi. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi wa mji huu. Maji ya bomba ya London ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, ndiyo maana birika letu lina utando mweupe. Pinguikula za Mexico zinavumilia chokaa kuliko ndugu zake wengi, lakini chungu hakina mto wa kukisafisha, kila unapomwagilia chumvi zinabaki na kujilimbikiza. Kwa hiyo natega ndoo barazani. Mvua hapa haina haja ya kuombewa. Ikikatika sana nanunua maji yaliyokenekwa, na kimita cha bei rahisi cha TDS, yaani cha kupima chumvi zilizoyeyuka majini, kinanionyesha kama yako chini ya sehemu 50 kwa milioni. Namwaga kwenye sinia iliyo chini ya vyungu, kina cha sentimita moja hivi, naacha yaishe, halafu naacha siku moja au mbili zipite kabla ya kuongeza. Juu ya majani simwagi, ulimbo unaoshwa.

Kuhusu taa sina mengi ya kusema: LED nyeupe ya kawaida, saa 14 kwa siku miezi ya joto. Desemba urefu wa mchana wa London ni kama saa nane tu, dirisha peke yake halisaidii. Majani yenyewe yanakwambia hali. Yakiwa ya kijani kilichopauka na yanajinyoosha, yanatafuta mwanga. Yakipata wekundu wa mbali kama wa shavu, acha taa hapo hapo.

Chakula sasa. Wageni wote huuliza, "Kwa hiyo unaipa nyama?" Hapana. Charles Darwin aliwahi kuijaribu pinguikula kwa vipande vya nyama na vitu vingine, akaona ute unaongezeka na kingo za majani zinajikunja taratibu, lakini yeye alikuwa anafanya utafiti, hakuwa anapamba sebule. Kipande kikubwa huoza na kuliozesha jani. Visubi vyangu vinatosha. Miezi vinapoadimika, nasaga chakula cha samaki kiwe vumbi, nanyunyiza chembe chache kwa brashi ya rangi. Mbolea kwenye mizizi, kamwe.

Kipindi kinachotisha watu ni majira ya baridi. Majani mapana yanakoma, katikati kunatokea kiduara cha vijani vifupi, vinene, visivyonata, na mwenye mmea anadhani unakufa. Hapo ndipo wengi wanaongeza maji, na hapo ndipo unakufa kweli. Huo ni msimu wa ukame wa Mexico, unakumbukwa hata ndani ya vioo. Napunguza taa hadi saa 10 kwa siku, sinia inakaa kavu, udongo napuliza kidogo tu usiwe vumbi, na usiku nazima hita ya chumba hicho. Ni msimu wa kuzalisha pia: unachomoa kijani kinene kwa kukivuta pembeni hadi kitoke na kitako chake cheupe, unakilaza juu ya mchanganyiko wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa mche unachungulia kwenye kitako. Pinguicula esseriana ndiyo mkarimu zaidi kwa hili, na maua yake ya waridi ni makubwa kuliko unavyotarajia kwa mmea mdogo vile.

Pinguikula za hapa Uingereza, kama P. vulgaris ya milima ya Uskoti, msiziweke ndani. Hizo hujifunga kuwa kitumba na zinahitaji baridi ya kweli ya nje.

Na visubi? Vimepungua sana, havijaisha. Mmea unanasa vinavyoruka, mabuu bado yapo kwenye udongo wa mchicha, kwa hiyo chungu cha mchicha nacho lazima kiachwe kikauke juu kabla ya kumwagilia.

Binamu yangu wa Limuru anataka nimtumie majani kwenye bahasha. Haiwezekani hivyo, KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, wanataka kibali cha kuingiza mmea na cheti cha afya ya mimea kutoka huku. Lakini akipata kwa njia halali atanishinda: usiku wa Limuru una baridi ya kutosha bila kuzima hita yoyote, mvua anayo, na badala ya pelaiti anaweza kuponda yale mawe mepesi yenye matundu ya kusugulia visigino, ambayo upande wa mlima Longonot yametapakaa ardhini.