Mbalamwezi ya Kibirizi

Septemba 2016 nilikuwa nimeshamaliza kidato cha sita, nakaa kwa bibi Ujiji na kumsaidia biashara yake ya dagaa. Nilikuwa nimeamua kuomba nafasi Oxford, Uingereza, nikasome uchumi na menejimenti, na kozi ile ilidai mtihani wa kupima stadi za kufikiri, uitwao TSA. Mtihani huo haukuwa na muhtasari wa kukariri. Sehemu ya kwanza ilikuwa na maswali 50 kwa dakika 90, na kikokotoo hakikuruhusiwa. Nusu ilikuwa ya kutatua matatizo, nusu ya kupima hoja: ulipewa aya fupi, ukaulizwa imeegemea nini ambacho mwandishi hakukisema, au kosa lake liko wapi. Niligawanya muda, nikapata dakika 1 na sekunde 48 kwa kila swali.

Nilipakua mitihani ya miaka ya nyuma, nikaichapisha stesheneri pale Mwanga. Hesabu zilinipa shida kidogo tu. Hoja ndizo zilizonitesa. Miaka yote shuleni nilisifiwa kwa kushika alichosema mwalimu, sasa naambiwa nitafute ambacho hakikusemwa. Katika maswali 25 ya hoja nilipata 11, nikarudia karatasi nyingine, nikapata 11 tena. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake alfajiri tulikwenda Kibirizi, kwenye mwalo wa samaki, bibi na mimi. Dagaa walikuwa wachache na bei imepanda. Nikamwambia, kwa uhakika kabisa, "Bibi, ni Wakongo hawa. Wiki hii wamejaa mwaloni, wananunua kila kitu."

Bibi hakuacha kuchambua dagaa wake. "Wakongo umewaona. Mwezi je, umeuona?"

Nilinyamaza. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu, ziwa lote jeupe. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi mingi hulala ufukweni ikisubiri giza. Mtoto wa Ujiji anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mimi nililijua, na bado nilikamata sababu ya kwanza iliyopita mbele ya macho yangu.

"Na hao Wakongo," akaongeza, "mwezi uliopita hawakuwepo?"

Walikuwepo. Nilitoa karatasi mfukoni, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikasoma upya aya zilizonishinda. Kila aya nilijiuliza kwa sauti ya bibi: mwezi umeuona? Siwezi kueleza furaha niliyoipata pale kwenye mchanga, huku miguu imelowa na harufu ya dagaa imenijaa nguo.

Tangu siku hiyo nikawa namtafsiria maswali jioni. Yeye hakwenda shule, lakini hesabu zake huzianza mwishoni. "Kilo moja kavu nitauza 16,000. Nataka 4,000 ibaki kwangu. Kilo nne mbichi ndizo zinanipa moja kavu. Basi mbichi sinunui zaidi ya 3,000." Karatasi hana, kalamu hana. Mimi nilikuwa naanza na bei ya mbichi na kubahatisha mbele. Nilipogeuza kama yeye, maswali mengi yalifupika. Mwishoni mwa Oktoba, katika yale 25 ya hoja, nilikuwa nafikia 19.

Nilipanda treni kwenda Dar es Salaam, nikafanya mtihani mwanzoni mwa Novemba, nikarudi.

Jibu lilikuja baadaye kwa barua pepe: sikuitwa kwenye usaili. Nilimkuta bibi anaanika, nikamweleza, na palepale nikaanza kutaja sababu. Kiingereza changu. Shule niliyotoka. Umbali wa Kigoma.

"Wamekuandikia hivyo?"

"Hapana, bibi. Hawakusema sababu."

"Basi usiwawekee maneno mdomoni, mjukuu wangu."

Lilikuwa giza la mwezi, na dagaa walikuwa tele. Akanisogezea ndoo ya pili, nikaanza kuanika.