Nabii alipomtaja shangazi

Naamini shetani yupo. Nalisema mapema, maana kila nikigusa habari hizi kuna wasomaji wanaoniambia nimesoma mpaka imani imeniishia. Nimekulia kijijini Shinyanga. Nimeona mtu akilipuka mapepo katikati ya ibada, wanaume wazima wakishindwa kumshika, na nimemwona akitulia kwa maombi. Kinachonisumbua ni kikao cha ukoo wetu.

Kaka yangu mkubwa ana duka la pembejeo kule nyumbani. Mambo yalimwendea kombo mfululizo: pikipiki ikaibwa, ng'ombe wakafa, mtaji ukakata. Badala ya kukaa na daftari lake la madeni (ambalo, anisamehe, lilikuwa na majibu yote), akampigia nabii mmoja anayefungua watu vifungo kwa simu na kutuma mafuta ya upako kwa basi. Nabii akanena kwa lugha, kisha akashusha: adui yumo ndani ya ukoo, ni mwanamke mtu mzima, upande wa baba, na macho yake si ya kawaida.

Upande wa baba amebaki shangazi peke yake.

Aliyezaliwa Usukumani hahitaji kumaliziwa habari hiyo. Vikongwe wengi kule wameshauawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho mekundu. Na ya shangazi ni mekundu kweli, kwa sababu kuni hakuna, naye amepikia samadi kavu na mabua miaka yote katika jiko lisilo na dirisha. Mganga akitaja mtu hivyo, polisi wanaiita ramli chonganishi. Januari 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli; na Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, nayo inamkamata hata anayemwita mwenzake mchawi. Ila ramli ikipigwa na mwenye Biblia, sisi tunaiita ufunuo na kuitikia amina.

Kwenye kikao mmoja alipendekeza shangazi ahamishwe kiwanja, "kwa usalama wake". Kijana mmoja wa ukoo, anayeimba kwaya, akasema, "Jambo hili tulimalize mapema." Nilisikia ubaridi mgongoni. Halafu likanijia jambo baya zaidi: nilianza kukumbuka siku shangazi alipombeba mwanangu na usiku huo mtoto akachemka homa. Ilikuwa malaria, majibu ya maabara niliyashika mwenyewe. Hata hivyo kwa dakika kadhaa moyo wangu ulikuwa unakusanya ushahidi. Mkiniuliza shetani alikuwa wapi siku ile, nitawaonyesha mkeka tuliokalia. Ufunuo 12:10 inamtaja kuwa mshitaki wa ndugu zetu, na sisi tulikuwa tunamfanyia kazi hiyo bila mshahara.

Nikaomba kusoma Waefeso 6:12, kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Kaka naye anajua Maandiko. "Sawa, dada, lakini hayo majeshi ya pepo wabaya yanatumia watu."

Hoja yake ina uzito. Nikamrudisha Efeso kwenyewe, Matendo 19. Ule ulikuwa mji wa uganga haswa. Vitabu vilivyochomwa siku ile thamani yake ilifika vipande 50,000 vya fedha. Lakini angalia nani alichoma nini. Kila mmoja alileta vitabu vyake, akaungama matendo yake. Hakuna aliyeongozwa kwenda kuchoma nyumba ya jirani. Na Paulo aliyewaandikia kuhusu silaha za Mungu alikuwa kwenye minyororo. Watu wa kuwalaumu alikuwa nao, tena wenye majina, lakini alichoomba ni kuombewa apate kinywa cha kuihubiri Injili. Miguuni anatuvika utayari wa Injili ya amani. Kwa viatu hivyo huendi kumvamia bibi kizee usiku.

Mzee wa kanisa, aliyekuwa kimya muda wote, alimgeukia yule kijana na kumwambia kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Kikao kikavunjika.

Nilipokwenda kumwamkia shangazi sikumkuta. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu, akawa analala kwa mama mmoja wa kanisani. Alirudi kwake baada ya mzee yule kwenda kumchukua mwenyewe. Hakuniuliza chochote, nami sikujua nianzie wapi.

Kaka bado hali chakula kwa shangazi. Jumuiya yetu hapa Kimara, Dar es Salaam, tunamwombea kaka juu ya hofu, si juu ya adui zake, na madeni ya mbolea ameanza kuyapunguza. Juzi nabii amemtumia ujumbe mpya: adui amebadilika, sasa ni mwanamke msomi anayeishi mjini. Kaka alinipigia akanisomea, akacheka kidogo, halafu akaniuliza Krismasi nakuja lini.