Vuli ikikatika: saa za mlima Kilimanjaro mwanzoni mwa kiangazi

Kila Desemba, mabasi ya Moshi yakianza kujaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, huwa kuna wanaotaka kuunganisha sikukuu na safari ya mlimani, na swali lao ni lilelile: mvua imekwisha? Mjini huenda imekwisha. Msituni haijaisha, na haitaisha hata Februari. Kule juu ya mita 4,000 jibu hutegemea ni saa ngapi.

Kalenda inasema vuli ni Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi mpaka masika yaanze Machi. Ila vuli haifungwi kama duka. Kuna miaka hukatika mapema Desemba na kuna miaka hujikokota hadi katikati ya Januari. Mwaka wa El Niño ndio mbaya zaidi kwa mpanda mlima: mvua za 1997 zilivuka mwaka na kuendelea mapema 1998, na vuli ya 2023 nayo iliingia Januari. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza El Niño mwezi wa Septemba au Oktoba, sogeza safari hadi mwisho wa Januari. La Niña, kinyume cha El Niño, kwa kawaida huleta vuli hafifu, na hapo hata wiki ya Krismasi inaweza kuwa kavu.

Dalili za kweli usizitafute kwenye tarehe. Tazama Kibo, kilele kikuu cha mlima, ukiwa Moshi. Wakati wa vuli mlima huonekana alfajiri tu, ukabahatika, kisha hupotea siku nzima. Kiangazi kikishika, hujifunika kuanzia saa nne hivi asubuhi na kujifunua tena jioni, saa kumi na moja au kumi na mbili. Ukiuona jioni siku tatu mfululizo, anza kufunga mizigo. Dalili ya pili ni upepo. Kaskazi, uleule uliokuwa ukileta majahazi pwani kutoka Uarabuni na Bara Hindi, huanza kushika Desemba. Ni mwepesi na wa joto kuliko kusi, na ndiyo maana usiku wa Januari kule juu si mkali kama wa Julai.

Watu husema dalili ya mvua ni mawingu. Kilimanjaro mawingu huja kila siku, kiangazi na masika, na mara nyingi hayana neno. Jua likipiga miteremko asubuhi, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kuanza kupanda, ikibeba unyevu wa msitu. Ikifika kwenye baridi, unyevu unageuka ukungu, halafu wingu. Ifikapo saa tano wingu limefunika ukanda wa msitu na vichaka vya juu yake, na saa nane hadi kumi hunyesha manyunyu au mvua ya kweli. Jua likilegea mambo yanageuka: miteremko inapoa, hewa nzito inateremka, wingu linashuka na kubaki chini kama bahari ya pamba. Ukiwa kambi ya Horombo, mita 3,720, saa moja usiku, utaona nyota juu na wingu chini ya miguu.

Kwa hiyo panga safari kwa saa. Njia ya Machame inafaa kwa mfano. Siku ya tatu mnatoka kambi ya Shira, mita 3,840 hivi, kwenda Lava Tower, mnara wa mwamba, mita 4,630, halafu mnateremka hadi kambi ya Barranco, mita 3,960 hivi. Wanaochelewa kunywa chai wakaondoka saa tatu na nusu hufika Lava Tower saa nane, na hapo ndipo mvua ya mawe hupenda kunyesha. Ondokeni saa moja na nusu. Mfike mnara saa sita kasoro, mle, msikae zaidi ya dakika arobaini, na saa saba muwe mnashuka kuingia kwenye bonde lenye mimea mikubwa ya senesio. Radi ikianza, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, teremkeni kutoka kwenye kingo na miinuko, weka fimbo za chuma kando, msikusanyike mahali pamoja.

Utabiri wa simu una kosa moja la kudumu. Ukiandika Kilimanjaro, programu nyingi hukupa hali ya Moshi au ya uwanja wa ndege wa KIA, ambao uko chini ya mita 900. Hata zile za kisayansi hugawa ardhi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, na ndani ya mraba mmoja mlima mzima unasawazishwa ukawa kilima cha wastani. Kabla ya kuamini namba yoyote, angalia imeandikwa ni ya mwinuko gani. Ikiwa haijaandikwa, fanya hesabu mwenyewe: toa nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi Januari hufika nyuzi 32 mchana na usiku hushuka hadi 18 hivi. Kutoka Moshi hadi Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, ni kama mita 5,000 za kupanda, yaani unatoa 30. Nyuzi 18 za usiku zinakuwa 12 chini ya sifuri, na hicho ndicho kipimo cha kujiandalia.

Ongeza upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa hupiga ngozi kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Asubuhi ukiona juu ya Kibo wingu laini lenye umbo la sahani iliyofunikwa, limetulia halisogei, usidhani ni utulivu. Huko juu upepo unakimbia, na wingu linajengwa upande mmoja na kubomoka upande wa pili, ndiyo maana linaonekana limesimama.

Sifuri yenyewe, pale mvua inapogeuka theluji, huwa karibu na mita 4,800. Mstari huu una maana kubwa. Kambi ya Karanga, mita 4,000 hivi, utanyeshewa mvua au mvua ya mawe. Kambi ya Barafu, mita 4,670, ni kubahatisha: theluji yenye maji, ambayo ni mbaya kuliko zote mbili kwa sababu inalowanisha kama mvua na kupoza kama theluji. Juu ya hapo ni theluji kavu, unaikung'uta tu mabegani. Nguo za kuzuia maji zinahitajika zaidi katikati ya mlima kuliko kileleni, na wengi hufanya kinyume: koti zuri wanalihifadhi kwa ajili ya picha ya Uhuru, na siku za msituni wanavaa ponchi ya nailoni.

Ponchi ina mahali pake. Chini ya miti, ambako upepo hauingii, inafunika mtu na begi lake na inapitisha hewa. Ukitoka msituni ikunje. Upepo wa vichakani unaigeuza tanga, inapanda usoni, na kwenye ukuta wa Barranco, ambapo lazima uone unapoweka mguu, ni hatari. Juu ya mita 3,000 vaa koti na suruali vya kuzuia maji. Si lazima vipya. Soko la Memorial pale Moshi lina mitumba mizuri ukijua kuchagua: geuza koti ndani nje uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa unabanduka au umepasuka kama rangi ya zamani, liache hata likiwa na jina kubwa. Kisha mwagia tone la maji begani. Likisimama kama umande kwenye jani la mgomba, chukua. Likinywewa, muulize muuzaji bei ya lingine.

Jinzi na fulana za pamba ziache mjini. Pamba ikilowa jasho saa tano, saa kumi bado mbichi, na usiku inakunyonya joto. Wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, wengi wao bado hupanda na jinzi kwa sababu ndiyo waliyo nayo. Ukiwa mkuu wa msafara, kagua nguo zao langoni wakati mizigo inapimwa. Kilo 20 za mzigo juu ya bega lililolowa ni kilo nyingine kabisa.

Usiku wa mwanzo wa kiangazi una mtego wake: ukiwa mweupe, ndiyo baridi inakaza. Mawingu ni blanketi. Yakiondoka, joto la ardhi linapanda moja kwa moja angani, na alfajiri hema lina sakitu, umande ulioganda, nje na maji ndani. Yale maji ya ndani ni pumzi zenu. Watu hufunga zipu zote kwa kuogopa baridi, kisha saa kumi alfajiri matone yanaanza kuwadondokea kwenye mifuko ya kulalia. Acha matundu ya juu wazi, upana wa kiganja. Viatu vikiwa na unyevu viweke ndani kwenye mfuko wa plastiki, karibu na miguu, vinginevyo vitaganda na hutaweza kuvifunga. Betri za tochi na simu lala nazo. Hata mimea ina mbinu zake: senesio hufunga majani yake jioni kukinga kichipukizi cha katikati, na lobelia hutunza maji kwenye bakuli la majani yake, yakaganda juu tu huku chini yakibaki maji.

Chupa ya maji ya kilele hufuata kanuni ileile. Barafu huanzia juu, kwa hiyo igeuze kichwa chini ndani ya soksi nene. Itakapoganda, itaganda upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Mirija ya mifuko ya maji huganda ndani ya saa moja ya kwanza usiku wa kupanda kilele. Ukinywa, puliza maji yaliyobaki kwenye mrija yarudi mfukoni, na hata hivyo usiutegemee.

Kuhusu maji ya mito, mwanzo wa kiangazi ndio wakati bora. Vijito bado vina nguvu ya vuli. Pamoja na hayo, Karanga ndilo chanzo cha mwisho kabla ya kambi ya Barafu, na kwenye kambi ya Kibo Hut hakuna maji kabisa, yanabebwa. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 84 au 85 tu, hivyo maharage hayaivi hata ukeshe nayo. Yachemsheni kambi za chini, au pikeni tambi na supu.

Usiku wa kilele watu huondoka Barafu karibu saa sita. Sababu si macheo peke yake. Changarawe za pale juu hulegea, hatua mbili mbele na moja nyuma, na baridi ya usiku ikizigandisha zinashika mguu. Theluji mpya ikiwepo, nayo huwa ngumu. Jua hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu, na vizuri likukute Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,756. Ifikapo saa tatu kila kitu kinaanza kuyeyuka: njia inakuwa uji, magoti yanateseka, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yanaachiliwa. Jambo hili lina uzito wake kwenye njia ya Western Breach, ambako Januari 2006 maporomoko ya mawe yaliua wapandaji watatu. Anayepita huko awe ameshavuka sehemu ya mawe kabla jua halijaigusa. Binafsi siioni sababu ya kupita huko wakati njia nyingine zipo.

Jua lenyewe Januari ni kali kuliko baridi. Miale inayochoma ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya inarudisha sehemu kubwa usoni kutokea chini. Weusi wa ngozi hausaidii macho. Upofu wa theluji hauumi wakati ule. Huanza saa sita au zaidi baadaye, macho yakiwa kama yamejaa mchanga. Miwani iwe ya kiwango cha 3 au 4 cha kuzuia mwanga, inayoziba pembeni. Paka losheni ya kukinga jua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua.

Jambo moja la kiangazi linalosahaulika: siku kumi bila mvua zinatosha kukausha vichaka vya juu ya msitu, na vichaka hivyo vina mafuta. Moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 ulipita kwenye ukanda huo. Kipande cha sigara kinaingia kwenye kopo, hakitupwi.

Kuteremka, njia za Machame na Lemosho zote humwaga watu kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi. Hesabu: ukitoka Uhuru saa moja na nusu, Barafu saa nne, mapumziko, chakula, kisha mteremko wa saa nne. Utaingia kwenye wingu saa tisa, ngazi za udongo zinateleza, na miguu imechoka kuliko siku zote. Hapo ndipo vifundo vya miguu hupinduka, si kileleni. Vaa tena geita, vile vifuniko vya juu ya viatu, fupisha hatua, na ile jozi moja ya soksi kavu ambayo kila mtu humaliza akiwa Barafu, ifunge kwenye plastiki ukiwa bado Moshi na uiandike Mweka.