Nusu ya kuelekea tatu

Mpwa wangu anakuja Uswisi mwezi ujao, na kila tukipigiana simu swali ni lile lile: "Mjomba, nianze na lugha gani?" Naishi Biel, mji ambao wanaosema Kifaransa wanauita Bienne. Vibao vya mitaa vina majina mawili, la Kijerumani na la Kifaransa. Nchi nzima ina lugha nne za taifa, ukiongeza Kiitaliano na Kiromanshi. Mimi nilivamia mbili kwa mpigo. Mwaka ukaisha sina hata moja.

Nimemwambia lugha yoyote, lakini aanze na namba na saa. Salamu atazishika mwenyewe. Hapa ukiingia chumba cha kusubiri daktari unasalimia wote waliomo, kama nyumbani tu.

Namba zilinitesa. Kwa Kijerumani 54 inatamkwa "nne na hamsini", na watu hutaja simu zao mbili mbili, kwa hiyo mkono wako unaandika 45 kabla sikio halijamaliza. Siku hizi naomba nitajiwe tarakimu moja moja, na hakuna aliyewahi kuninunia. Kifaransa cha huku kina huruma kidogo: 70 ni septante na 90 ni nonante, hamna zile hesabu za kujumlisha za Paris, ambako 70 ni "sitini na kumi".

Saa ndiyo balaa lenyewe. Niliitwa kwenye usaili wa kazi, nikaambiwa kwa simu, kwa Kijerumani, "halb drei". Nikapiga hesabu: drei ni tatu, halb ni nusu, basi tatu na nusu mchana, yaani saa tisa na nusu yetu. Nikapiga pasi shati, nikafika dakika kumi kabla. Kumbe halb drei ni nusu ya kuelekea tatu, saa nane na nusu! Mama wa mapokezi aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akairudia saa. Kazi ikaniponyoka. Sasa nikitajiwa saa, naiandika kwenye karatasi, 14:30, namwonyesha mtu, nangoja aitikie.

Mengine mepesi. Ajiandikishe manispaa ndani ya siku 14 tangu afike, bima ya afya asizidishe miezi 3. Akiulizwa barua za serikali azitake kwa lugha gani, achague ile atakayoisoma kweli. Karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa asiitupe: maneno yale yale yapo kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, na hicho ndicho kilikuwa kitabu changu cha kwanza. Na dukani hapa Biel, anayetangulia kusema ndiye anayechagua lugha ya mazungumzo, kwa hiyo awahi yeye.

"Basi nachukua Kifaransa, Mjomba." Sawa. Jana nikamwambia treni yake itaingia saa kumi na robo jioni, nitamngoja stesheni. Kimya kidogo kwenye simu.

"Kumi ya kwetu au ya kwao?"